Povu la Kuonja

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na akijinyoa hujikata. Huo ni msemo wa watu wasionijua. Mimi nilijinyoa kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, mbele ya kioo cha duka langu mwenyewe, na sikujikata hata mara moja. Kidevu changu ndicho kilikuwa bango langu. Kiling'aa mpaka mtaa mzima ukaniita Kioo, na wateja wakikaa kitini waliniambia niwanyoe watoke kama mimi. Najua najisifu. Mtu anayenyoa vizuri asipojisifu, atasifiwa na nani? Na wenye ndevu?

Siri yangu ilikuwa povu. Wenzangu wanapaka povu la baridi, mteja anaruka kama aliyemwagiwa maji usingizini. Mimi nilikuwa na brashi laini iliyokaa mchana na usiku ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, maji yenye matone mawili ya manukato, ili nywele zake zisikauke. Maji yakipungua, niliyajazia. Na kabla ya kumpaka mteja nilijipaka kwanza mimi, kidogo tu hapa chini ya taya, kuona kama joto limekaa sawa, kama mpishi anavyoonja mchuzi. Ndipo brashi ikahamia shingoni kwake. Wateja walipenda kule kuonja kuliko hata kunyolewa kwenyewe. Walijiona wafalme.

Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wangu, kuna duka la fundi cherehani. Huyo fundi ni mwanamke, na kwa miaka miwili nilimtazama kupitia kioo changu nikiwa nimempa mgongo, mteja akidhani macho yale ni yake. Nilijua saa anazokunywa chai. Nilijua akikosea mshono anauma mdomo wa chini. Nilijua pia kwamba mimi ni mjinga, kwa sababu mtu mzima mwenye duka anaweza kuvuka barabara.

Jumatatu moja nikavuka. Nilishika suruali isiyo na kasoro yoyote, nikamwambia ina kasoro. Aliigeuza ndani nje, akaikagua, akanirudishia, akanitaka niseme kilichonileta. Nikasema. Nilisema yote kwa pumzi moja, mpaka na idadi ya watoto ninaowataka. Alicheka hadi akakalia kitambaa cha mteja, na mimi nilisimama pale nikicheka naye bila kujua kama nachekwa au nakubaliwa.

"Baba kwanza," akasema alipopata pumzi. "Akisema ndiyo, njoo uchukue jibu langu. Na jibu langu si lake, usije ukayachanganya."

Sasa baba yake. Mzee huyo alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini, mtu wa kuingia madukani bila hodi na mawe yake ya kupimia kutafuta nani anapunja wateja. Amestaafu kazi lakini hajastaafu ukaguzi. Ana kidaftari mfuko wa shati, na akinunua mkate anaupima kwa mkono kwanza. Mtaa mzima unamwita Mkaguzi, hata bintiye akiwa amekasirika.

Jumamosi ya wiki ile ile akaja dukani kwangu kunyolewa. Nilijua nakaguliwa mimi, wala si ndevu zake. Akataka kuona pakiti ya nyembe. Nyembe zilikuwa mpya, kila mteja na wake. Akanusa mashine, ilinuka spiriti. Akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, kidole kilikuwa safi, akaandika kitu kwenye kidaftari. Moyo wangu ulikuwa unaruka kamba. Nikaichukua brashi, nikaonja povu chini ya taya yangu, nikampaka shingo nzima kwa ufundi ambao sijawahi kuutoa kwa mtu mwingine. Mzee alifumba macho. Dakika mbili baadaye alikuwa anakoroma, na mimi nilikuwa tayari naita watoto majina.

Niseme na hili, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Siku hiyo chini ya taya yangu palikuwa na vipele vitatu. Vidogo, vyekundu, kila kimoja na unywele wake katikati. Nilikuwa nimevinyoa juu kwa juu asubuhi na kuvisahau.

Vyenyewe havikunisahau. Jumapili vilikuwa tisa, Jumatatu sikuhesabu. Taya iliwaka, iliwasha, na vingine vilitoa kichwa cheupe cha usaha. Nikajitibu kama anavyojitibu mtu anayejua kila kitu. Nilipaka spiriti, nikaona nyota mchana. Nilipaka dawa ya meno, ikakauka nikawa kama ukuta uliopigwa chokaa. Nilikamua viwili, vikazaa sita. Mwisho nikachukua wembe mpya nikanyoa kwa kurudi nyuma, dhidi ya mwelekeo wa ndevu, ili nivikate na mizizi yake. Hiyo habari tuiache. Nikavaa barakoa, nikawatangazia wateja kwamba nina mafua.

Dada yangu, tunayekaa naye nyumba moja, alivumilia siku mbili. Jumatano akaishusha barakoa kwa kidole kimoja mezani, akatazama, akairudisha taratibu kama mtu anayefunika sufuria. Akasema mafua yake yeye hayajawahi kutoka kidevuni. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kesho nisipokwenda zahanati atakuja kunivua barakoa dukani mbele ya ng'ambo ya barabara. Dada zangu wote ni wakorofi, na huyu ndiye mmoja niliye naye.

Huku nikiugulia ndani ya barakoa, ng'ambo kulikuwa kumewaka moto mwingine. Fundi alikuwa amemshonea baba yake shati jipya lenye kola ngumu ya kusimama. Mzee alilivaa Jumapili, siku moja baada ya kunyolewa na mimi. Kufika Jumanne, shingo yake ilikuwa na mkufu wa vipele, pale pale kola inapokaa. Mkaguzi hakuhitaji ushahidi zaidi. Alisimama mbele ya duka la mwanawe, shingo nje, kidaftari mkononi, akawaeleza wapita njia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kitambaa cha ndani ya kola ni kibovu, alisema, na yeye hampendelei mtu, hata awe amemzaa.

Maneno ya mkaguzi yana uzito mtaani kwetu. Mama mmoja akarudisha gauni. Kwaya iliyoagiza mashati ishirini ikatuma ujumbe kwamba inasubiri kwanza. Na Fundi, kupitia kioo changu, nilimwona amekaa mlangoni anafumua kola, moja baada ya nyingine, anachomoa kitambaa cha ndani, anakinusa, anakilowanisha kwenye beseni. Alikuwa anauma mdomo wa chini. Niliumia kwa ajili yake kweli kweli, na nikamlaani muuza vitambaa wa watu ambaye hakuwa amekosa lolote.

Alhamisi nikaenda zahanati. Tabibu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na taa ndogo aliyonimulikia kidevuni huku akiguna kama fundi wa gari. Aliniambia kila unywele unatoka kwenye kishimo chake. Wembe ukikikwaruza kishimo, vijidudu vinaingia, kinavimba, kinatunga usaha. Ni jambo dogo, linapona, mradi mwenye kidevu aache ushujaa. Kisha akanipa masharti: nisinyoe mpaka ngozi itulie kabisa. Nikande kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu mara tatu kwa siku, nioshe kwa sabuni ya dawa, nipake marhamu kidogo tu. Nisikamue. Taulo langu liwe langu. Nikipata homa, au kipele kikawa jipu, nirudi haraka. Na siku ya kunyoa tena, wembe ufuate ndevu zinakoelekea.

Nilikuwa naitikia kila neno kwa furaha. Jambo dogo, linapona. Nilitaka kuzibusu miwani zote mbili. Ndipo akaniuliza kazi yangu, nikamwambia, akaishusha ile miwani ya kichwani akanitazama upya.

"Kuna kitu kinachogusa uso wako, halafu kikagusa uso wa mtu mwingine?"

Nikacheka. Nikamwambia nyembe zangu ni mpya, mashine yangu inaoga spiriti kuliko mimi ninavyooga maji, hata mkaguzi wa mizani amenipitisha. Nikaendelea kumweleza usafi wangu wote, kwa ufasaha, hatua kwa hatua, mpaka nikafika kwenye povu, na kikombe, na maji ninayoyajazia, na kuonja. Hapo ulimi ukanata. Tabibu akaweka kalamu juu ya karatasi. Alinisubiri nifike mwenyewe, na nilipofika aliniandikia marhamu tatu badala ya moja.

Nilikwenda moja kwa moja dukani, nikafika saa tisa alasiri. Nikafunga mlango kwa ndani. Yale maji ya kikombe nilipoyamwaga yalikuwa na utelezi chini, na harufu ambayo manukato yalikuwa yakiifichia siri kwa miaka. Brashi nikaitupa, kikombe nikakitupa, nikasugua kila kilichosugulika. Kisha nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikatazamana na barakoa yangu kiooni, nikafikiri. Niliogopa. Ningesema, mzee angenifuta kwenye kidaftari, na bintiye asingefika hata kwenye kunijibu. Ningenyamaza, vipele vingepona vyenyewe, vyake na vyangu, kwaya ingesahau, mambo yangekwisha. Tena nilijiambia kwamba nikishamwoa nitamshonesha kola maisha yake yote, za kila aina, nimsifie. Nilikata shauri kunyamaza. Nilikata kabisa, na nikajisikia mwepesi, nikapiga hata mluzi.

Saa kumi na moja mlango ukagongwa. Alikuwa Mkaguzi, shingo imepakwa kitu cheupe, sijui nani alimdanganya. Hakukaa. Aliniambia amekagua wafanyabiashara maisha yake yote, na maduka safi kama langu ameyaona machache. Kijana anayeheshimu shingo ya mteja ataheshimu na nyumba yake. Kwa upande wake yeye, jibu ni ndiyo. Ila ananisikitikia kidogo, akasema, kwa sababu naoa mtu ambaye kazi yake si safi kama yangu, na itabidi nimfundishe.

Ndiyo niliyokuwa nimeiota miaka miwili ilikuwa imesimama mbele yangu, imevaa kandambili. Damu ilinipanda kichwani kwa furaha, nikacheka kwa sauti ndani ya barakoa. Na nikiwa bado nacheka, niliona begani kwake, ng'ambo ya barabara, Fundi ameinua kola juu kwenye mwanga anaitafuta kasoro.

Nikavua barakoa.

"Mzee, ni mimi," nikasema. "Shati halina kosa. Nilikupaka povu kwa brashi iliyotoka kidevuni kwangu, na kidevu changu kilikuwa hivi."

Alikisogelea. Akakikagua kutoka kulia, akakikagua kutoka kushoto. Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, mshiko wa kumpeleka mwenye duka kwa afande, akanivusha barabara. Baiskeli mbili zilisimama kutupisha. Akaniamuru nirudie mbele ya mwanawe, nami nikarudia, kuanzia kuonja mpaka utelezi wa kikombe, huku watu watatu waliokuja kudai nguo zao wakisikiliza bure. Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Alinitazama usoni, ule uso wangu wa nyanya iliyoiva vibaya, akasema kupitia pini, "Endelea." Nikamwomba radhi. Nikamwomba tena.

Mkaguzi alisema anaifuta ile ndiyo. Haandiki hapana pia. Shingo iliharibiwa na mimi, itaponywa na mimi, na mpaka ipone hataki kusikia habari ya ndoa. Kisha akamgeukia mwanawe, akakohoa, akasimama pale mlangoni na kuwatangazia wapita njia kwamba mizani yake ilikosea. Nadhani hilo lilimuuma kuliko vipele.

Basi yakaanza mambo ambayo sikuyaweka kwenye ndoto zangu zozote. Nilimpeleka zahanati, tabibu akamkagua mkaguzi, sijaona watu wawili wakiheshimiana haraka vile. Kila asubuhi saa moja nilikuwa nyumbani kwao na vitambaa nilivyovichemsha mwenyewe, vyake vina uzi wa buluu, vyangu uzi mwekundu. Tulikaa sebuleni, mzee na mimi, vichwa nyuma, tumejikanda shingo kama abiria wawili waliolala safarini. Ndevu zilituota. Zake zilikuwa nyeupe na za heshima. Zangu ziliota kwa mafungu, fungu hapa, fungu pale, kama shamba lililopandwa na mlevi. Fundi alikuwa akipita na chai, ananitazama, anageuka haraka kuelekea jikoni, na tulisikia kikombe kikigonga sahani kwa jinsi alivyokuwa anacheka.

Mzee alihesabu vipele. Aliniamuru nivihesabu kwa sauti, yeye akaandika. Siku ya kwanza thelathini na moja. Siku ya tatu thelathini na moja, akanituhumu napunja. Siku ya tano ishirini na viwili, na akapandisha kidaftari juu kumwonyesha mwanawe kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kwa wateja wangu wengine watano waliopatwa nilikwenda mlango kwa mlango na marhamu na radhi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Waliosikia walitia maji wakaenda kunyolewa kwingine, na kwa wiki nzima duka langu lilikuwa na mimi na kiti. Ajabu ni kwamba sikuhuzunika inavyotakiwa. Nilikuwa nafunga mapema, naimba, nachemsha vitambaa. Nilikuwa nakwenda kumwona Fundi kila siku, na uso wangu ulikuwa umeshafika chini kabisa, hauna pa kuanguka tena.

Siku ya kumi na mbili nilihesabu mara mbili, nikaleta taa, nikahesabu tena. Sifuri. Shingo ya mzee ilikuwa laini, ina alama chache za kahawia tu. Aliipapasa mwenyewe, akaandika sifuri, akaizungushia duara. Akasema siku ile dukani alikagua vyombo tu, na kwamba hizi siku kumi na mbili alikuwa anakagua kitu kingine. Kwa upande wake, akasema, ndiyo. Akaweka sahihi kabisa, mzee yule, kisha akavaa shati lake lenye kola ya kusimama na kutoka kwenda kulionyesha.

Nikabaki sebuleni na Fundi. Nikamwambia nimekuja kuchukua jibu.

Alikaa kwenye kiti cha baba yake. Akaniambia alijua tangu Jumatano. Shati alilishona moja, na shingo zenye vipele mtaani zilikuwa sita, zote zimetoka kwenye kiti changu. Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kufumua kola mlangoni, mbele ya macho yangu, na kesho yake akafumua tena.

"Nilikuwa nakungoja," akasema. "Sasa niambie. Ulipojua wewe, ulikaa muda gani kabla ya kusema?"

Ningeweza kusema nilisema pale pale. Hakukuwa na wa kunipinga, hata tabibu hakujua nilisema saa ngapi. Nilikuwa nimepona, mzee ameweka sahihi, mlango uko wazi.

"Masaa mawili," nikasema. "Na nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nilipiga hadi mluzi."

Nilisikia maji jikoni yakichemka na hakuna aliyekwenda kuyatoa. Kisha akanyoosha mkono, akanishika taya, pale penyewe ambapo kwa siku kumi na mbili hapakuguswa na mtu ila kitambaa, akakipapasa kile kishamba changu cha ndevu polepole kwenda zinakoelekea.

"Masaa mawili nayaweza," akasema. "Ungeniambia ulisema pale pale, ningekurudishia vitambaa vyako."

"Hilo ni jibu?"

"Ni ndiyo, Kioo. Kaepue maji."

Nikaenda jikoni kuepua maji, na niliyaepua nikicheka peke yangu mpaka nikayamwaga nusu.